Vibonge vya Bata Mzinga na Chumba cha Mbele

Jumapili asubuhi Mdogo aliloweka mkate wa juzi kwenye maziwa, akauponda kwa uma mpaka ukawa uji mzito, kisha akautia kwenye bakuli la nyama ya bata mzinga iliyosagwa. Akapasua yai juu yake. Akaongeza kitunguu saumu, tangawizi ya kukwaruza, majani ya kitunguu yaliyokatwakatwa, pilipili manga na chumvi kidogo sana. Chumvi ilikuwa kidogo sana kwa ajili ya Kaka Mkubwa. Daktari alikuwa amemkataza chumvi, nyama nyekundu na vitu vya kukaanga, vyote kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo familia nzima ikawa inakula kama wagonjwa ili asijione mpweke.

Mdogo hakuwa mdogo tena. Mvi zilikuwa zimeshaanza kumchungulia juu ya masikio. Lakini jina lilimpata akiwa mchanga, na katika nyumba ile mtu akishapewa jina hakuna anayerudi kuangalia kama bado linamtosha.

Zamani alifanya kazi katika jiko la hoteli, na huko ndiko alikojifunza teriyaki, sosi tamu ya Kijapani, kwa mpishi mmoja mkali aliyeamini kwamba sosi ya chupa ni ya watu waliokata tamaa. Mama alipoanza kuugua, ndugu walikaa kikao wakaamua Mdogo arudi nyumbani kumtunza, kwa kuwa wao walikuwa na kazi. Kwamba naye alikuwa na kazi, hilo halikujitokeza kwenye kikao. Akarudi. Mama akauguzwa vizuri, akafa akiwa ameshikwa mkono, na Mdogo akabaki na nyumba, jiko, na oveni ambayo mlango wake haukubali kujifunga mpaka uegemezewe kigoda.

Nyumba ile ilikuwa na chumba cha mbele chenye mlango wa kutokea barabarani. Mama alishonea nguo humo maisha yake yote. Sasa kilikuwa kitupu, kina kioo kirefu na sakafu yenye pini ambazo hazikuisha hata ufagie vipi. Mdogo alikitaka chumba hicho. Alishajua oveni ingekaa wapi, meza zingekaa wapi, na dirisha lipi lingefunguliwa ili harufu iende kuwachokoza wapita njia.

Kila Jumapili, familia ilipokuja kula chakula cha mchana, Mdogo alikuwa na sentensi yake tayari: naomba chumba cha mbele nikitumie mimi, nifungue mgahawa. Na kila Jumapili sentensi hiyo ilifia njiani, kati ya jiko na meza. Si kwamba alikatazwa kusema, la hasha. Ni kwamba mezani palikuwa na Kaka Mkubwa, aliyesema. Na Wifi, mke wake, aliyefafanua kilichosemwa. Na Kaka wa Kati, aliyepinga. Na Shangazi, aliyeeleza mambo hayo yalivyokuwa enzi zake. Kufikia hapo chakula kimekwisha na kuna vyombo vya kuosha.

Jumapili hii ilikuwa ya leo au basi tena, kwa sababu Kaka Mkubwa alikuwa anakuja na mpangaji. Huyo alikuwa Fundi Saa, mwenye kibanda karibu na stesheni ya treni, anayetafuta mahali pasipovuja.

Mama aliacha sheria moja tu ya jikoni: anayeviringa nyama ya kusaga afunge mdomo. Ukizungumza huku unaviringa, sauti yako inaingia kwenye nyama, na anayekula ndiye atakayeitoa. Mama alilisema hilo kama alivyosema usiache maziwa motoni ukaenda kufungua mlango. Kuna siku yeye mwenyewe alicheka akiwa na kibonge mkononi, na mtu wa posta aliyekaribishwa sahani akashinda mchana kutwa akigawa barua kwa kicheko cha Mama, hata watu waliozoea kujificha wakamfungulia. Sauti hudumu mpaka mtu alale. Akiamka ana ya kwake. Ndugu wengine hawakuijua sheria hii, maana hakuna aliyewahi kutia mguu jikoni ila kuuliza kama chakula tayari.

Basi Mdogo akalowesha viganja, akaanza kuviringa. Mwanzoni alirudia sentensi yake moyoni. Lakini nyama ilikuwa baridi na laini, jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye sinki, na maneno yakaanza kutoka yenyewe. Akaisema sentensi kwa upole. Akaisema kwa ukali. Akaisema yenye naomba, akaisema bila naomba. Akamjibu Kaka Mkubwa kila pingamizi. Akamwambia Wifi ukweli wake, wote. Akasimulia habari za hoteli, akamwambia Mama kwamba saa ya ukutani imepona, halafu, kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaimba kidogo.

Trei zote mbili zilipojaa ndipo akajisikia.

"Alaa!" akasema, na hilo nalo likaingia kwenye kibonge cha mwisho.

Alifikiria kuvivuruga na kuanza upya, lakini sauti ikishaingia haitoki, na nyama nyingine hakuwa nayo. Halafu geti likalia. Mdogo akasukuma trei ndani ya oveni, akaegemeza kigoda, akashughulikia sosi.

Alichanganya sosi ya soya na maji, akatia sukari ya kahawia, asali, siki, tangawizi na kitunguu saumu, akaweka kwenye moto mdogo. Ilipoanza kutoa mapovu akamiminia unga wa wanga uliokorogwa kwa maji baridi, akakoroga bila kupumzika mpaka sosi ikashika nyuma ya kijiko, nyeusi na yenye kung'aa. Sosi haina shida. Inakorogwa kwa mwiko, haiguswi na mkono, haishiki sauti ya mtu.

Wifi akachungulia.

"Wifi, hii si ina chumvi? Unamjua mgonjwa wetu."

"Nimeizimua kwa maji, wifi."

"Na sukari?"

"Ya kutosha tu. Wifi, nilitaka kuzungumza kidogo kuhusu kile chumba cha—"

"Sahani kubwa uliziweka wapi? Watu wana njaa huko, ohoo."

Sahani kubwa zilikuwa pale pale zinapokaa siku zote. Wifi akazichukua akaondoka.

Mdogo akatoa trei ya kwanza. Vibonge vilikuwa vimekauka juu, vyenye rangi ya kahawia kingoni, na mchuzi wake ukichemka chini. Akavigeuza kwenye sosi mpaka vikang'aa, akanyunyiza ufuta, akavipeleka mezani pamoja na wali na mboga za mvuke. Mle ndani Fundi Saa alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mgeni. Alikuwa mtu mwembamba aliyeinamisha kichwa upande mmoja muda wote, kwa mazoea ya kusikiliza vitu vidogo.

Kaka Mkubwa alikula wa kwanza, kama kawaida. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kabati linaloburutwa sakafuni. Alitafuna, akameza, akasema:

"Leo umepatia."

Alilisema kwa sauti ya Mdogo.

Wifi akamgeukia mume wake.

"Una mafua?" Kaka wa Kati akauliza.

"Sina."

Kaka wa Kati akala kimoja. "Basi ni chakula," akasema, naye kwa sauti ile ile.

Wifi akala ili ahakikishe, akathibitisha kwamba ni chakula. Shangazi hakutaka mjadala. Akaomba aongezewe viwili.

"Sauti yenyewe si mbaya," Kaka Mkubwa akasema. "Haikwaruzi koo."

"Ni nyororo," Wifi akafafanua. "Lakini ya nani? Nimeisikia mahali."

"Ni ya yule dada anayesoma habari redioni," Kaka Mkubwa akasema.

"Wapi," Kaka wa Kati akapinga. "Yule anabana pua. Hii ni ya nesi aliyekuwa anamchoma Mama sindano."

"Ni ya huyu bata mzinga," Shangazi akasema. "Alikuwa jike, inajionyesha."

"Shangazi, bata mzinga hazungumzi."

"Hukuwahi kumsikiliza."

Yote hayo yalisemwa kwa sauti moja, ya Mdogo, ambaye alikuwa amesimama nyuma yao na upawa wa wali. Aliisubiri meza igeuke. Haikugeuka. Walibishana kwa raha zao, wakamtaja mwalimu mmoja wa zamani, wakamtaja muuza tiketi, wakamtaja marehemu bibi yake Wifi.

Fundi Saa alikuwa anakula taratibu. Alimaliza kibonge chake, akafuta mdomo, akainamisha kichwa akajisikiliza.

"Hii," akasema, "ni sauti ya dada anayepakua."

Wote wakamtazama Mdogo. Halafu wakaangua kicheko, wote wanne, kwa kicheko chake mwenyewe, hata akakaribia kucheka naye kwa mazoea.

"Fundi, fundi," Kaka Mkubwa akasema akijifuta machozi. "Huyu tunamjua tangu azaliwe. Huyu hana sauti hii."

"Aliniletea saa ya ukutani mwezi uliopita," Fundi Saa akasema. "Tulizungumza wakati naifungua."

"Haya, tusibishane na mgeni. Mdogo, sema kitu, fundi asikie."

Mdogo akafungua mdomo. "Chumba cha mbele—"

"Umeona?" Wifi akadakia. "Ni tofauti kabisa. Hii yetu imejaa zaidi."

Fundi Saa akasema pengine amekosea, kwa adabu ya mtu aliyekuja kutafuta chumba. Lakini aliendelea kumtazama Mdogo mpaka wali wake ukapoa.

Kaka Mkubwa akafungua kikao. Akasema chumba kile kimekaa bure, kinaingiza vumbi tu, na fundi ni mtu mstaarabu, na kama kuna mwenye maoni aseme. Wakasema. Lakini kikao ambacho watu wote wana sauti moja kina tabu yake. Huwezi kujua nani amesema nini mpaka umtazame, na siku hiyo hakuna aliyetaka kuinua macho kutoka kwenye sahani. Kaka wa Kati alipinga hoja akidhani ni ya Wifi, kumbe ilikuwa yake mwenyewe ya awali. Shangazi alijiunga mkono mara mbili. Kaka Mkubwa akamwambia mtu fulani asimkatize, na hakuna aliyekuwa amemkatiza ila yeye. Ungepita dirishani ungedhani ni mwanamke mmoja anayebishana na nafsi yake akiwa anafua.

Mdogo alikuwa jikoni, anavigeuza vibonge vya trei ya pili kwenye sosi. Kutoka kule aliisikia vizuri. Ilikuwa sauti yake, na ilikuwa inasema: kipangishwe. Tena ikasema: hakuna mwingine anayekihitaji. Tena: Mdogo ana jiko lake huko nyuma, linamtosha.

Hapo ndipo alipokasirika. Angewasikia wakilisema kwa sauti zao angekunja uso tu na kuendelea na vyombo, alishazoea. Lakini kukataliwa na sauti yako mwenyewe, tena kwa utulivu ule, kulimchoma.

Akabeba trei akasimama mlangoni, nyuma ya viti. Alikuwa ameisema sentensi ile asubuhi yote, na sasa, kwa hasira, ikamtoka bila naomba na bila mimi.

"Chumba cha mbele hakipangishwi," akasema. "Kinafunguliwa mgahawa."

Vichwa vilikuwa vimeinama, sosi ilikuwa kwenye vidole. Wa kwanza kuinua uso alikuwa Kaka wa Kati, na uso huo ulimwelekea Kaka Mkubwa, ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa.

"Mgahawa," Kaka wa Kati akasema. "Kaka, hilo sina la kupinga."

Haijapata kutokea.

"Nilijua tu ana jambo," Wifi akasema. "Tangu asubuhi amefunga kinywa garini. Nikajiambia, huyu anapika kitu kichwani."

"Baba yake alikuwa hivyo hivyo," Shangazi akasema. "Atanyamaza, atanyamaza, halafu anatoa neno."

Kaka Mkubwa akameza. Alijua hakusema lile neno. Mara nyingi mtu anajua. Lakini neno lilikuwa zuri, watu walikuwa wamelipenda, na sauti ilikuwa ya kwake kama ilivyokuwa ya yeyote pale mezani.

"Ni jambo nililolifikiria muda mrefu," akasema.

"Na atapika nani?" Wifi akauliza.

"Mdogo si yupo?"

Wakageuka. Mdogo alikuwa bado kasimama na trei.

"Eti Mdogo, una neno?" Kaka Mkubwa akamuuliza. Hilo nalo lilikuwa mara ya kwanza.

"Sina," Mdogo akasema. Alikuwa ameshalisema.

Akawaongezea vibonge. Ufuta ukamwagika kwenye kitambaa cha meza, lakini usoni alikuwa anatabasamu, na hakujua la kufanya na tabasamu lile akaliacha likae.

Walipoanza kuaga, Fundi Saa alibeba sahani yake mwenyewe akaipeleka jikoni. Mdogo hakujua aipokee vipi. Haikuwa desturi ya nyumba.

"Hongera kwa chumba, dada," Fundi Saa akasema.

Kupongezwa kwa sauti yako mwenyewe kuna utamu wake. Mdogo alisikia masikio yakimpata moto.

"Pole kwa kukikosa, fundi."

"Nitapata kwingine. Kibanda changu kinavuja upande mmoja tu."

"Uliniona pale mlangoni?"

"Nilikuona. Ulikuwa na trei."

"Mbona hukuwaambia?"

"Mara ya kwanza nimewaambia, wakacheka." Akainamisha kichwa. "Nikaona nikiwaambia tena watakunyang'anya chumba."

Mdogo aliliwaza hilo akiwa anakausha sahani, akaona ni kweli. Akamfungia vibonge vilivyobaki kwenye bakuli lenye kifuniko, na Fundi Saa akaondoka navyo akivishika kama saa ya mtu.

Jioni Kaka wa Kati alikuwa na zamu. Kazi yake ilikuwa kutangaza treni pale stesheni, na vipaza sauti vya stesheni vilisikika mpaka uani kwa Mdogo. Siku zote jua likielekea kuzama alimsikia kaka yake akiwaambia watu treni ipi inaingia na ipi imechelewa. Siku hiyo Kaka wa Kati hakupata nafasi ya kulala baada ya kula, kwa hiyo alikwenda kazini vile vile. Msimamizi wake alimwambia leo anasikika vizuri.

Mdogo alikuwa anaanua nguo. Akaisikia sauti yake ikipanda juu ya mapaa. Ikawaambia abiria wasogee nyuma ya mstari mweupe. Ikawaambia wenye mizigo mikubwa watumie mlango wa pembeni. Ikamwambia mama aliyepotezana na binti yake kwamba binti yuko ofisini, amepewa maji, anamsubiri. Baadaye jirani aliyerudi na treni hiyo alimweleza kwamba watu walisogea kweli nyuma ya mstari, bila manung'uniko, na wenye mizigo wakatumia mlango wa pembeni.

Mdogo alikaa juu ya ngazi na nguo mapajani akasikiliza mpaka treni ya mwisho ya jioni. Alilia kidogo. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa na uchungu kwa chini, ule wa kujua kwamba mji mzima ulikuwa umemsikia kabla ya watu wa nyumbani kwao. Halafu akakunja nguo.

Mgahawa ulifunguliwa. Oveni ikahamishwa na kigoda chake. Kioo cha Mama kikabaki ukutani, na saa ikatundikwa juu ya meza ya pembeni. Kila siku wateja wawili watatu waliinuka na pini kwenye viatu, wakazitoa wakaziweka kwenye kisahani kilichokuwa pale kwa kazi hiyo. Fundi wa rangi aliandika bango juu ya mlango: KWA KAKA MKUBWA. Chini yake, kwa herufi za kujibana: Vibonge vya Kuoka, Sosi ya Nyumbani. Wifi ndiye aliyechagua rangi. Kaka Mkubwa alikaa mlangoni siku za mapumziko, akipokea pongezi, na kwa kweli alizipokea vizuri; alizaliwa na kipaji hicho.

Na Mdogo akaiacha sheria ya Mama. Hakuivunja kwa bahati mbaya tena. Kila asubuhi alilowesha viganja, akavuta pumzi, akaanza kuzungumza. Alizungumzia hali ya hewa, bei za vitu, ndoto zake, mpishi mkali wa hoteli. Ikifika mchana mtaa wote ulikuwa na sauti yake. Kinyozi aliuliza wateja wanataka kunyolewaje kwa sauti ya Mdogo. Askari wa benki aliwapigia watu kelele kwa sauti ya Mdogo, akaona hazitoki kali, akaanza kuwaomba. Mwalimu wa shule ya jirani alikuja kula kila siku yenye somo gumu. Fundi Saa alikula kwenye meza ya pembeni, chini ya saa, na alipomaliza alikuwa akizungumza na Mdogo dirishani, sauti moja pande zote mbili, mpaka mwenye njaa wa nyuma akohoe.

Jumapili nazo ziliendelea. Mdogo alijifunza kusubiri mpaka vichwa viiname. Akasema, paa la nyumba litengenezwe kabla ya mvua, na paa likatengenezwa, maana wazo hilo Kaka wa Kati alikuwa amelitoa vizuri sana. Akasema, binti wa Kaka Mkubwa aachwe asomee anachotaka, na binti akaachwa, kwa busara za Shangazi, ambaye alipopongezwa alisema enzi zake ilikuwa hivyo hivyo. Akasema Wifi apumzike safari za kila wiki za kumbebea mume wake viatu kwa fundi, miguu anayo. Wifi alimshukuru mume wake kwa hilo mpaka mwenyewe akaona haya. Familia haijapata kwenda vizuri namna ile. Hakuna aliyeinua sauti, maana hakuna aliyekuwa nayo.

Jumapili moja Mdogo alisimama mlangoni na trei ya pili. Alikuwa ameridhika na mambo mengi siku hiyo: nyama ilikuwa laini, oveni haikumsumbua, Fundi Saa alikuwa ameahidi kupita saa ya chai. Ilibaki moja tu.

"Bango libadilishwe," akasema. "Liandikwe jina la anayepika."

Safari hii vichwa viliinuka. Kaka Mkubwa akaweka uma chini.

"Nani amesema hilo?"

"Ni mimi," Mdogo akasema.

Kaka Mkubwa akamtazama Wifi, ambaye alikuwa anatafuna. Akamtazama Shangazi, aliyekuwa ananyonya sosi kwenye kidole. Akamtazama Kaka wa Kati, na huko macho yake yakatua.

"Wewe bwana, nimekusikia," akamwambia, kwa sauti ile ile iliyouliza na iliyojibu. "Lakini bango limeshakauka rangi. Na tangu lini unajua anayepika anaitwa nani?"

Kaka wa Kati akakubali kwamba hapo ameshikwa.

Kaka Mkubwa akacheka, akanyoosha sahani yake nyuma ya bega bila kugeuka.

"Mdogo, ongeza sosi."

Mdogo akamwongezea. Ilikuwa imeiva vizuri siku hiyo, nzito, inang'aa, na chumvi yake kidogo sana.